Gari la Tatu kwenye Laini ya Velji

Saa kumi jioni Umesh Velji alifunga dirisha moja la duka lake la Kalangalala, mjini Geita, akaacha la pili wazi kwa ajili ya wateja wa sukari, akaingia chumba cha nyuma kuwasha kompyuta. Kompyuta ilikaa katikati ya magunia ya sembe na katoni za sabuni, imefunikwa kitambaa ambacho marehemu mama yake alikifuma kwa ajili ya redio. Umesh alikikunja kitambaa mara nne, akakiweka juu ya gunia, akanyanyua simu na kumwomba Melania wa mitamboni ampatie Shinyanga.

"Namba ile ile?" Melania aliuliza.

"Ile ile."

"Dada hajambo?"

"Sijamuuliza."

Melania akachomeka waya kwa mkono, kama alivyochomeka kwa kila aliyetaka simu mwaka ule wa tisini na tisa, na kisanduku cha modemu kikaanza kupiga mluzi.

Aarti, dada yake Umesh, alikuwa ameolewa Shinyanga na karani wa kiwanda cha kuchambulia pamba. Mama yao alipokuwa hai, ndugu hawa walikuwa na mengi ya kuambiana, karibu yote yakiwa malalamiko juu ya mama. Alipofariki wakaishiwa. Walipigiana simu, wakaulizana kama mvua imenyesha, kisha kila mmoja akabaki kumsikiliza mwenzake anavyopumua. Ndipo binamu mmoja wa Dar es Salaam akawaletea kompyuta mbili zilizokwisha tumika na mchezo wa mbio za magari, ambao watu wawili waliweza kuucheza kwa waya wa simu, mmoja akiwa huku na mwenzake kule. Tangu hapo, kila siku isipokuwa Jumapili, walikimbizana mizunguko mitatu. Gari la Umesh lilikuwa jekundu, la Aarti la kijani. Aliyeshinda hakusema kitu, na aliyeshindwa alikata simu. Kwa ndugu wengine hiyo isingetosha; wao iliwatosha.

Gari la tatu lilitokea Jumanne moja ya mwezi wa saba. Kioo kiliandika kwa Kiingereza kwamba mchezaji wa tatu amejiunga. Mchezo wenyewe haukuwa na nafasi ya mchezaji wa tatu, na boksi lake lilisema hivyo mgongoni. Gari lilikuwa na rangi ya udongo uliolowa. Lilisimama kwenye mstari wa kuanzia wakati wenzake wakiondoka, likashtuka mara moja, likatulia. Baada ya muda wa mtu kuhesabu hadi kumi likashtuka mara tatu, likatulia tena. Umesh alilipita mara tatu akiligeukia kulitazama, na kwa ajili hiyo akashindwa.

Wakapigiana tena kwa sauti.

"Umeliona gari la matope?" aliuliza Umesh.

"Nimeliona. Si la kwako?"

"Si langu."

"Basi ni kosa la laini, bhai," alisema Aarti. "Litafute ulitoe. Linaziba njia pale mwanzo."

Umesh alikuwa mtu wa utaratibu. Modemu ilikuja na kijitabu chenye sura nzima ya makosa ya mawasiliano na namna ya kuyaondoa, na yeye alikianza mwanzo bila kuruka ukurasa, kama watu wanavyosoma msahafu. Alizima kila kitu, akasubiri, akawasha. Gari lilikuwepo. Alichomoa waya zote akazichomeka upya. Alipunguza kasi ya modemu hadi gari la Aarti likawa linatembea kama ng'ombe anayerudi zizini, na gari la matope likaendelea na lake: moja, halafu tatu. Kijitabu kilisema tundu la simu lisafishwe. Umesh akafunga pamba kwenye njiti ya kiberiti, akaichovya katika spiriti, akaiingiza tunduni, na pamba ikatoka na udongo mwekundu wenye unyevu. Akasafisha mpaka ukaisha. Kesho yake ulikuwepo tena, akasafisha tena.

Siku ya tatu aliichomoa kabisa laini ya simu ukutani. Gari la Aarti likatoweka pale pale, kama ilivyotakiwa. Gari la matope likabaki. Kosa la namna hiyo kijitabu hakikuwa nalo, na Umesh akakasirika kidogo, si kwa sababu ya gari bali kwa sababu ya kijitabu.

Alimpigia Melania kulalamika.

"Kwenye laini yako kuna wewe na kuna Shinyanga," Melania alimjibu. "Na mimi, nikiwa sina kazi. Halafu kuna mtu anayepumua."

"Nani?"

"Hajaomba namba. Akiomba nitamuuliza jina."

Jioni hiyo aliingia dukani Paskalia, ambaye Kalangalala nzima ilimwita Mama Dorah. Alikuwa akiuza uji na maandazi karibu na stendi na alikuja kuchukua sukari yake ya kesho. Hakumkuta mtu kwenye kaunta, akachungulia mlango wa nyuma uliokuwa wazi. Umesh alikuwa amekikodolea macho kioo, mikono magotini. Mama Dorah naye akatazama. Gari likashtuka mara moja. Likatulia. Likashtuka mara tatu. Mikono ya Mama Dorah ikanyanyuka yenyewe, kama inayotafuta mwiko.

"Huyo ni Baba Dorah," alisema.

"Hilo ni kosa la laini, mama," alisema Umesh.

"Inawezekana. Lakini ni Baba Dorah."

Umesh akamsogezea gunia la chumvi akae, akamwomba aeleze. Mama Dorah akaeleza kwa sauti ile ile aliyoitumia kuagiza sukari. Katika maduara ya kuchimbia dhahabu, aliye chini na walio juu hawasikilizani; ni mbali, na kuna maji na vumbi na nyundo. Husemeshana kwa kamba. Kamba ikivutwa mara moja, maana yake mzigo uko tayari, vuteni. Ikivutwa mara mbili, subiri. Ikivutwa mara tatu, mtu anapanda. Na kila mara mzigo hutangulia. Mtu hafungwi kwenye kamba kabla mzigo wake haujafika juu. Mchimbaji anayedai kupanda kwanza hapati kazi duara lolote. Mwanamke haruhusiwi kusogea mdomoni mwa duara, watu husema dhahabu humkimbia, kwa hiyo kwa miaka sita Mama Dorah aliwapikia wachimbaji kwenye jiwe lililo chini ya kilima, akiiona kamba kwa mbali tu. Ikishtuka mara moja alikuwa anachochea moto. Ikishtuka mara tatu alikuwa anapakua ugali, kwa sababu mtu anapanda, na anapanda na njaa.

"Ya kwake naijua hata kati ya kamba kumi," alisema. "Anavuta kama anayeomba radhi."

Umesh aliiamini habari hiyo mara moja, kwa kuwa ilieleza kosa vizuri kuliko kijitabu.

Yaliyompata mumewe, Donatus, watu wote waliyajua, na hakuna aliyeyasema. Ilikuwa Jumapili ya Januari mwaka wa tisini na nane, katika zile mvua za El Nino, wakati maduara yote ya kilimani yalikuwa yameanza kujaa maji na kazi zimesimamishwa. Maige, mwenye duara namba saba, alikuwa ameacha pampu yake ya maji chini, mpya kabisa. Akamtuma Donatus peke yake aiteremkie kabla kuta hazijalainika. Donatus akavua ndala zake mdomoni, maana dhahabu haipendi viatu, akashuka. Saa moja baadaye duara likajifunga. Kesho yake mdomoni hapakuwa na ndala, na kwa hesabu ya maduara yote, pasipo ndala hakuna mtu chini. Maige akaagiza shimo lishindiliwe kifusi, lisije likadumbukiza mbuzi wa watu. Funika kombe mwanaharamu apite.

Kuhusu Donatus ikasemwa amekimbilia Runzewe, ambako wakati huo watu walisema kumefumka dhahabu mpya. Runzewe ilikuwa mahali pazuri pa kumpeleka mtu asiyeonekana: si mbali mno watu washindwe kusadiki, si karibu mno waende kuhakikisha. Mama Dorah alihakikisha. Alikwenda mara mbili na picha ya kipande, akaionyesha kwenye vilabu na makambi, na huko wakamwambia labda amepita kwenda Kahama. Aliporudi alikuwa si mke na si mjane. Katekista alimweleza kwa upole kwamba jina la mtu aliye hai haliwezi kusomwa katika misa ya marehemu. Wakwe zake wa Kishapu walikataa kuweka matanga. Kumlilia mtu aliye hai ni uchuro. Alichotaka ni kidogo na alikisema kwa yeyote aliyemuuliza: mumewe atolewe, aoshwe, akazikwe Kishapu kwa baba yake, na yeye akae chini mkekani siku zake kama wanawake wengine. Alikuwa amechoka kuambiwa "mumeo akirudi."

Ijumaa ya wiki iliyofuata Umesh alimleta Marcel, fundi wa ofisi ya simu, mwenye baiskeli, ngazi na mkanda wa kupandia nguzo. Marcel akaifuata laini nguzo kwa nguzo kuanzia dukani. Alirudi saa kumi na moja akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Mama Dorah alikuwa ameshakaa kwenye gunia lake la chumvi, kwa kuwa siku hizi alikuja kila jioni.

"Kosa nimelipata," alisema Marcel. "Ni la kwangu mwenyewe."

Mwishoni mwa mwezi wa sita, alisema, Maige aliomba simu kwenye ofisi yake ya kilimani. Waya hazikutosha, kwa hiyo Marcel akaiunga simu hiyo kwenye laini ya Velji. Kila simu ya kilimani inahitaji nondo ya ethi ardhini kwa ajili ya radi, na kilima kile ni mwamba mtupu. Alipiga nyundo hapa, ikaruka, akapiga pale, ikaruka. Mwisho akapata mahali palipolainika, nondo ikazama yote kama mkono kwenye ugali.

"Ni palepale namba saba," alisema. "Nilijua ni kifusi. Nikasema afadhali, nimepumzika."

"Sasa?" aliuliza Umesh.

"Sasa naichomoa nondo, kosa linaisha. Kazi ya dakika tano."

Kwenye kioo gari likashtuka mara moja, likatulia, likashtuka mara tatu.

"Usiichomoe, baba," alisema Mama Dorah.

Marcel alikuwa na mke na alikuwa amewahi kuwa mchimbaji miaka miwili. Akafungua daftari lake la kazi juu ya katoni ya sabuni, akaandika kwamba laini imekaguliwa na ni nzima, akatia sahihi. Umesh akampa soda. Tangu siku ile Umesh hakukifungua tena kijitabu.

Aarti alielezwa kwenye simu. "Basi tusimgonge," alisema. Wakawa wanaanzia upande wa kushoto kabisa wa barabara, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka walipolipita gari la matope. Mbio zao zikapungua ukali, na mara nyingine waliambiana neno moja au mawili baada ya kucheza.

Maneno hayakai Geita bila kutembea, na haya yalianzia kwenye mitambo ya Melania. Maige alipopata habari hakubisha. Tangu afungiwe simu alikuwa akisikia mtu anapumua kwenye simu yake ya ofisini, akadhani ni watu wa kodi. Alikuja dukani Jumatano saa kumi na nusu, amevaa kofia yake ya pama, mzee mzito mwenye sauti ya taratibu. Alikuwa ndiye mnunuzi mkubwa wa dizeli ya Velji.

"Shikamoo, bosi," alisema Umesh.

"Marahaba. Nimesikia una sinema."

Mama Dorah naye akamwamkia, naye akaitikia. Akapewa kiti, akavua kofia na kuipachika gotini, akatazama. Alitazama kwa muda mrefu. Jumapili ile alikuwa ameishika kamba kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu mtu wa winchi alikuwa kanisani.

"Moja, halafu tatu," alisema hatimaye. "Mzigo, halafu mtu."

"Ndiyo," alisema Mama Dorah.

"Kwa hiyo mzigo bado uko kwenye kamba. Alishaufunga."

"Alishaufunga, bosi. Baba Dorah hawezi kuomba kupanda kabla ya mzigo."

"Pampu ile ilikuwa ya Kijapani," alisema Maige. "Sasa hivi haipatikani hata Mwanza."

"Na mtu, bosi?"

"Mtu yupi?"

"Baba Dorah."

Gari likashtuka mara tatu mbele ya macho yao. Maige aliziacha zote tatu zipite.

"Baba Dorah yuko Runzewe, mama. Hilo tulishalimaliza." Hakuyasema kwa ukali. Aliyasema kama mtu anayemkumbusha mwenzake siku ya gulio. Kisha akamgeukia Umesh. "Muulize pampu iko pima ngapi."

"Kamba haiulizi hivyo, bosi," alisema Mama Dorah.

"Haya. Tutaona wenyewe."

Umesh aliona aibu. Alikuwa na maneno mawili matatu ya kumwambia Maige, yaliyo sawa kabisa, nayo yalifika hadi kwenye meno. Akafungua soda akampa.

Kuchimba kulichukua siku kumi na mbili. Kwanza Marcel aliitwa akaichomoa nondo iliyokuwa njiani, akaiegemeza kwenye ukuta wa ofisi. Kwa siku zile kumi na mbili laini ilikuwa safi kama alivyoahidi. Umesh na Aarti walicheza magari mawili kwenye barabara tupu. Aarti alishinda mara kumi. Hata hivyo wote wawili waliendelea kuanzia upande wa kushoto.

Mama Dorah aliacha kuuza uji. Asubuhi alipanda hadi kwenye jiwe lake la zamani chini ya kilima, akaweka mafiga, akapika. Hakuruhusiwa kwenda mbele zaidi na hakujaribu. Alikuwa amekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kumwarifu kwamba mumewe anatolewa, na mwenyekiti akamwambia akishatoka waje wote wawili. Alikuwa amepiga simu Kishapu kwa laini ya Velji, akawaambia wakwe wakae tayari. Alikuwa amenunua sanda kwa Umesh. Umesh aliikata sanda ile mwenyewe, akaongeza dhiraa mbili.

Siku ya kumi na mbili, baada ya chakula cha mchana, wachimbaji wakaifikia pampu. Ilikuwa imening'inia kwenye kifusi, pima kumi na moja kwenda chini, imefungwa fundo zuri, mpira wake umeviringwa vizuri pembeni. Mkia wa kamba uliendelea kushuka chini ya pampu na kuingia kwenye udongo. Wakaifunga pampu kwenye kamba mpya ya winchi, na Mama Dorah, akiwa kwenye jiwe, akaona gogo la winchi likizunguka. Pampu ikatokeza mdomoni, nyekundu kwa matope. Mchimbaji mmoja akaipangusa kwa shati lake. Kutu haikuwepo hata kidogo.

Mkia wa kamba ya zamani ulikuwa umepanda pamoja na pampu, umenyooka kwenda shimoni. Mtu aliyekuwa ameushika akasimama vizuri.

"Bosi," alisema. "Inavuta."

Mama Dorah aliiona kwa macho yake. Kamba ilishtuka mara tatu, kama ya mtu anayeomba radhi. Mikono yake ikafunua sufuria, ikapakua ugali kwenye sahani, ikamega na kuweka mboga pembeni.

Kule juu watu kumi na tano walikuwa wamesimama kuizunguka kamba. Wote waliijua lugha yake. Wengi walikuwa wamepandishwa nayo asubuhi hiyo hiyo. Walijua pia kwamba maiti ikitoka, afisa madini atakuja na utepe wake, kilima chote kitafungwa mpaka uchunguzi uishe, na uchunguzi ni mtoto asiyekua. Walimtazama Maige. Maige akatazama angani, upande wa mvua, ingawa ulikuwa mwezi wa nane.

"Mzigo umefika," alisema. "Tumemaliza."

"Mtu anapanda, bosi," alisema aliyeshika kamba.

"Nimesema tumemaliza."

Akachukua panga mwenyewe, kwa kuwa hakuwa mtu wa kumtuma mwingine kazi chafu mara mbili, akaukata mkia wa kamba karibu na pampu. Ukateremka shimoni bila kelele. Wachimbaji wakachukua sepetu. Ilipofika jioni namba saba ilikuwa imejaa tena, na safari hii waliishindilia kwa magogo.

Walipokuwa wakiteremka walipita kwenye jiwe mmoja mmoja. "Pole, Mama Dorah," walisema, na wengine walimshika mkono kwa mikono miwili. Hakuna aliyemwambia pole ya nini. Mama Dorah akawapakulia, maana walikuwa hawajala tangu mchana, wakala wote wakiwa wamesimama. Sahani ya kwanza, ile aliyoipakua kamba iliposhtuka, hakumpa mtu. Ilibaki juu ya jiwe mpaka alipoifunika na kwenda nayo nyumbani.

Siku mbili baadaye Marcel akairudisha nondo, kwa sababu simu ya Maige haikuwa na ethi. Kilima kilikuwa mwamba kama zamani na mahali laini palikuwa palepale. Aliipiga nyundo kwa shida zaidi kuliko mara ya kwanza.

Jumatatu saa kumi Umesh alifunga dirisha moja la duka. Mama Dorah alikuwa ameshakaa. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa amemwambia kwamba asiye na maiti wala shahidi hana kesi; wakwe wa Kishapu walimwambia kwa simu asiwasumbue tena mpaka mtoto wao atakapoonekana; katekista alikuwa ameahidi kumwombea Donatus safari njema huko aliko. Mama Dorah alimweleza Umesh haya yote mfululizo, kwa sauti ya kuagiza sukari. Umesh akasema ile sanda anaweza kuirudisha akitaka. Mama Dorah akasema hataki.

Modemu ikapiga mluzi. Gari jekundu na gari la kijani yakatokea upande wa kushoto. Kioo kikaandika kwamba mchezaji wa tatu amejiunga, na gari la matope likasimama kwenye mstari. Umesh alikuwa amezoea kuhesabu bila kujua kwamba anahesabu. Gari likashtuka mara tatu. Likatulia. Likashtuka mara tatu. Alingojea ile moja, haikuja.

"Mzigo umeshapanda," alisema Mama Dorah. "Ameona kamba imelegea. Anajua sasa ni zamu yake."

Tatu. Kimya. Tatu. Kutoka kilimani, kwa mbali, ilisikika pampu ikivuta maji namba tisa; ilikuwa pampu nzuri kweli, haikukohoa.

"Tutamwambiaje?" aliuliza Umesh.

Mama Dorah alifikiri. Kamba ina maneno matatu tu, na walioyatunga hawakuona haja ya neno la kumwambia mtu kwamba haji mtu kumvuta. Moja ni ya mzigo, na mzigo hana tena. Tatu ni yake mwenyewe. Umesh akainuka kwenye kiti chake, akamwonyesha kitufe cha kulisogeza gari jekundu, akasimama nyuma yake. Huko Shinyanga Aarti aliona gari la kaka yake halijaondoka, naye akalisimamisha la kijani, akangoja bila kuuliza.

Mama Dorah alipangusa kidole kwenye khanga. Moyo ulimuuma kuliko siku ile ya kilimani, maana siku ile aliyekata alikuwa mwingine. Akabonyeza mara mbili.

Gari la matope likakoma katikati ya mshtuko wake. Donatus, ambaye katika miaka sita ya kushuka hakuwahi kubishana na kamba, akasubiri.